Nani Kaandika Msimbo Huu?

Machi 2003 kampuni ya SCO Group ya mji wa Lindon, katika jimbo la Utah nchini Marekani, iliifikisha IBM mahakamani ikidai dola bilioni 1. Ilisema IBM imechukua siri za Unix, mfumo ambao SCO iliuita mali yake, na kuzimimina ndani ya Linux ambayo kila mtu anaipata bure. Dai likapanda hadi bilioni 3, kisha bilioni 5. Mwezi Mei barua za onyo zilikwenda kwa kampuni kubwa zipatazo 1,500 duniani: hata mtumiaji wa kawaida wa Linux anaweza kushtakiwa. Mwezi Agosti ikatoka bei ya kununua amani, dola 699 kwa kila seva yenye prosesa moja.

Siku hizo nilikuwa nimeanza kazi ya kuangalia seva katika ofisi moja mjini Dar es Salaam. Seva zetu zote ziliendeshwa na Linux, kwa sababu hatukuwa na fedha ya leseni za mfumo mwingine wowote. Dola 699 zilizidi mshahara wangu wa miezi kadhaa. Mkuu wa idara alikuwa amesoma habari ile gazetini, akaniita na kuniuliza: hiki kitu tunachokitumia, nani amekiandika, na tunajuaje kwamba hakukiiba? Sikuwa na jibu. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba hata walioiandika Linux hawakuwa na jibu la haraka.

Naanzia huko kwa makusudi. Vijana ninaowafundisha kuandika programu huko Kijitonyama wanapokutana na sharti la siku hizi, kwamba ukileta msimbo uliosaidiwa na akili unde lazima useme, wengi hunung'unika. Wanaliona kama chuki ya wazee kwa mashine, au njia ya kuwadhalilisha wanaoanza. Mimi nasema sharti hili lina umri mkubwa kuliko mashine zenyewe. Lilizaliwa katika kesi ile, likakua kidogo kidogo kwa sababu ambazo hazikuihusu akili unde hata kidogo, na asiyeijua historia hiyo hawezi kuelewa kwa nini linashikiliwa kwa nguvu kiasi hiki.

Linus Torvalds alianza kuandika Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Kwa miaka kumi iliyofuata kazi iliendeshwa kwa barua pepe. Mtu akiona kasoro anaandika kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo, anakituma. Torvalds akikipenda anakiingiza. Asipokipenda, mara nyingi kinapotea kimya kimya, na mwenye nacho atume tena. Hapakuwa na daftari la kuonyesha mstari fulani uliingia lini na kwa mkono wa nani. Jina la mwandishi lilibaki ikiwa mwenyewe aliliandika kichwani mwa faili, au likitiwa kwenye faili liitwalo CREDITS. Ni Februari 2002 tu ndipo Torvalds alipoanza kutumia programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko, iitwayo BitKeeper. Kwa hiyo SCO iliposhtaki, sehemu kubwa ya kerneli, kile kiini cha mfumo kinachozungumza na mashine, ilikuwa na asili iliyohifadhiwa vichwani mwa watu na kwenye marundo ya barua pepe za zamani.

Agosti 2003, katika mkutano wake mjini Las Vegas, SCO ilionyesha ukutani kipande cha msimbo iliosema umeibwa. Ili watu wasiusome, herufi zake zilibadilishwa kuwa za Kigiriki. Picha zilipigwa, zikachapishwa na wachapishaji Heise wa Ujerumani, na kwa muda mfupi watu wakakirudisha kile Kigiriki katika herufi za kawaida. Bruce Perens, mmoja wa watetezi wakubwa wa programu huria, aliueleza ulimwengu ni kitu gani. Kilikuwa kipande cha kugawa nafasi ya kumbukumbu, kilichotokana na Unix ya miaka ya 1970, na kiliingia Linux kupitia kampuni ya SGI katika faili liitwalo ate_utils.c, kwa ajili ya mashine zake chache. Unix hizo za kale zilikuwa zimekwisha kutolewa kwa leseni huria mwaka 2002 na kampuni ya Caldera, na Caldera ndiyo hiyo hiyo iliyobadili jina ikawa SCO.

Desemba mwaka huo SCO ilitaja mafaili mengine, yakiwemo errno.h na ctype.h. Torvalds alirudi kwenye toleo la kwanza kabisa, 0.01 la Septemba 1991, akalipekua, akaonyesha kwamba ctype.h aliiandika mwenyewe, tena kwa mtindo ambao yeye mwenyewe aliukosoa bila huruma.

Watu walishangilia majibu hayo. Mimi yalinitia wasiwasi. Mradi unaoendesha benki, hospitali na mitambo ya simu ulikuwa umeokolewa na kumbukumbu ya mtu mmoja aliye hai na mwenye akili timamu, na kwa bahati kwamba bado ana faili la miaka kumi na mbili iliyopita. Je, kama angekuwa amefariki? Je, kama kipande hicho kingekuwa cha mtu aliyetuma kiraka mara moja tu mwaka 1994 kisha asionekane tena? Kule mahakamani Linux haikutakiwa kuthibitisha kila mstari, maana mzigo ulikuwa wa mshtaki. Lakini gharama ya kutafuta ukweli wa kila tuhuma iliwaangukia watu ambao hawakufanya kosa lolote.

Jibu la kudumu lilikuja tarehe 22 Mei 2004. Torvalds aliwaandikia wenzake pendekezo, na siku mbili baadaye shirika la OSDL, lililokuwa likimlipa mshahara, likalitangaza rasmi. Ni hati fupi inayojulikana kwa kifupi cha DCO, yaani cheti cha asili cha msanidi programu. Anayetuma kiraka anathibitisha moja ya mambo haya: nimekiandika mimi, chote au sehemu yake, na nina haki ya kukitoa, au nimekijenga juu ya kazi ya mwingine ambayo leseni yake inaniruhusu, au nimekabidhiwa na mtu ambaye naye amethibitisha hivyo, nami sikukibadili. Toleo la 2005 likaongeza kifungu cha nne, kwamba kumbukumbu hii ni ya wazi na itabaki. Uthibitisho wenyewe ni mstari mmoja chini ya kiraka: Signed-off-by, kisha jina na anuani ya barua pepe.

Unyenyekevu wa mstari huo ndio ulionivuta. Miradi mingi ya GNU ilimtaka mwandishi ahamishe hakimiliki yake kwa taasisi, kwa karatasi iliyosainiwa. Kwa mtu wa Tanga au Kisumu miaka ile, kutuma karatasi za kisheria Boston na kusubiri jibu kulitosha kumkatisha tamaa. Cheti kipya hakikuomba wakili wala stempu. Kiliomba neno lako tu, lililoandikwa hadharani kwa jina lako.

Na halikuwa neno la mtu mmoja. Kiraka kikitoka kwa mwandishi kinakwenda kwa msimamizi wa sehemu husika. Naye akikikubali anaongeza saini yake chini ya ile ya kwanza, anakipeleka kwa msimamizi wa juu yake, hadi kwa Torvalds. Aliyekulia madrasa za pwani yetu ataitambua sura hii mara moja. Ni sanadi. Fulani amepokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani. Babu yangu, aliyesomesha Tanga, alituambia kwamba wanazuoni wa hadithi za Mtume hawakutosheka na uzuri wa maneno. Walimchunguza kila aliyetajwa katika mnyororo, kama alikuwa mkweli, kama kweli alikutana na yule anayedai kumsikia, kama kumbukumbu yake ilikuwa nzima. Akipatikana mmoja asiyejulikana katikati, hadithi inadhoofika hata kama matini yake haina dosari. Nilipoona mistari ya saini chini ya kiraka kwa mara ya kwanza, sikuhitaji mtu anieleze ni ya nini.

Aprili 2005 mwenye BitKeeper aliondoa leseni ya bure, na Torvalds akaandika mbadala wake, git, kwa siku chache. Kerneli yote iliingizwa humo kwa mkupuo, toleo la 2.6.12-rc2, na historia ya nyuma ikaachwa nje. Hadi leo nikifuatilia mstari wa zamani ili nijue nani aliuandika, naishia kwenye ukuta huo wa Aprili 2005. Kuanzia hapo kuja huku, kila badiliko lina sanadi yake. Git ilipewa hata kidude chake cha kusaini: unaongeza herufi s kwenye amri, na mstari unajiandika.

Miaka iliyofuata saini zilizaa ndugu zake. Reviewed-by kwa aliyehakiki, Tested-by kwa aliyejaribu kwenye mashine yake, Reported-by kwa aliyegundua kasoro, Suggested-by kwa mwenye wazo, Co-developed-by kwa mwandishi mwenza. Wageni huiona mistari hii kama urasimu. Kwa anayeisoma kila siku, ni ramani ya nani wa kumuuliza mambo yatakapoharibika usiku wa manane.

Zana nazo zikaanza kutajwa, muda mrefu kabla ya akili unde. Mfano ninaoupenda ni Coccinelle, programu iliyotengenezwa na mtafiti Julia Lawall na wenzake, akiwa Copenhagen na baadaye Paris. Inapewa kanuni inayoeleza sura ya kosa, inalitafuta katika kerneli nzima na kuandika marekebisho. Viraka vyake havikusema tu kwamba zana imetumika. Mara nyingi viliambatanisha ile kanuni yenyewe ndani ya maelezo, ili msomaji aweze kuiendesha upya kwenye mashine yake na kuona kama matokeo ni yale yale. Vilevile roboti ya Google iitwayo syzbot, inayoipiga kerneli kwa amri za ovyo hadi ianguke, hutajwa kwa jina katika Reported-by kila kasoro iliyoigundua inaporekebishwa. Hakuna aliyemdharau Lawall kwa kutumia programu. Walimheshimu, kwa sababu alikuwa akisema alichofanya na namna ya kukikagua.

Kisha ikaja Aprili 2021. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wameandika makala kuhusu jinsi mtu anavyoweza kupenyeza udhaifu kwa siri katika programu huria, na kama jaribio waliwatumia wasimamizi wa kerneli viraka vyenye kasoro za makusudi bila kuwaambia. Jambo hilo lilikuwa limeshaleta uchungu. Ndipo mwanafunzi wa kundi hilo hilo akaleta viraka vingine vya ajabu, visivyorekebisha chochote. Alipoulizwa, alisema vimetokana na programu mpya ya kuchambua msimbo aliyokuwa akiiandika.

Jibu la Greg Kroah-Hartman, msimamizi wa matoleo thabiti ya kerneli, nimeliweka mbele ya kila darasa langu. Pamoja na hasira yake, alieleza desturi: mtu anayeleta kiraka kilichotoka kwenye zana husema kimetoka kwenye zana gani, na kwamba hana hakika kama ni sahihi, na huomba ushauri. Mwanafunzi hakufanya hivyo. Chuo kizima kikafungiwa mlango, na viraka 435 vilivyotoka huko miaka ya nyuma vikapekuliwa kimoja kimoja na watu wa kujitolea. Vingi vilikutwa sawa. 39 vilikutwa na makosa. Fikiria saa zilizotumika, za watu ambao wana kazi nyingine. Makala iliondolewa na wenyewe, na baadaye kerneli ikaandika mwongozo kwa watafiti, unaowataka waeleze tatizo limepatikanaje na kwa zana ipi. Haya yote yalikuwa yameshaandikwa katika mioyo ya wasimamizi kabla mashine ya kuandika msimbo haijafika sokoni.

Mashine hiyo ilifika miezi miwili baada ya kisa hicho cha Aprili. Tarehe 29 Juni 2021 GitHub ilitoa Copilot kwa majaribio. Ndani ya siku chache waandika programu walionyesha kwamba ukiidokeza kidogo tu inakutolea neno kwa neno kipande maarufu cha mchezo wa Quake III, kile cha kukokotoa kinyume cha kipeuo cha pili, pamoja na maelezo ya kando ya mwandishi wake, matusi yakiwemo. Pia ikabandika leseni isiyokuwa yake. Msimbo wa mchezo ule ulitolewa mwaka 2005 kwa leseni ya GPL, yenye masharti. Mashine haikutaja masharti wala mwandishi.

Mwezi Agosti mwaka huo huo, 2021, SCO na IBM walimalizana. Kampuni ya Novell ilikuwa imeshathibitishwa na baraza la wazee wa mahakama, Machi 2010, kuwa ndiyo mmiliki wa hakimiliki za Unix, na SCO ilikuwa imefilisika tangu 2007. IBM ililipa dola milioni 14.25 ili jambo liishe. Kesi iliyotufundisha kuuliza msimbo umetoka wapi ilifungwa katika msimu ule ule ambapo ilizaliwa mashine isiyoweza kujibu swali hilo.

Miradi mingine ilichagua kupiga marufuku msimbo wa akili unde. Baraza la Gentoo lilipitisha uamuzi Aprili 2024, likitaja hakimiliki, ubora na maadili. NetBSD ikafuata mwezi Mei: msimbo wa namna hiyo unahesabiwa umechafuka mpaka wasimamizi wakuu waukubali kwa maandishi. QEMU, mwaka 2025, ilisimamia hoja ya cheti chenyewe: mtu anawezaje kuthibitisha asili ya kitu ambacho asili yake haijui? Hoja hiyo ni nzito, na sijasikia mtu akiijibu kikamilifu.

Hata hivyo sikubaliani na marufuku. Katazo lisiloweza kukaguliwa linawafundisha watu kuficha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Napendelea njia ya Mitchell Hashimoto, mwandishi wa programu ya Ghostty, ambaye Agosti 2025 aliweka sharti kwamba anayetumia akili unde aseme na aeleze ni kwa kiasi gani. Yeye mwenyewe anaitumia. Sababu yake ilinigusa kama mwalimu. Msimamizi anapopokea kazi mbovu ya mtu anayejifunza, huketi naye, kwa sababu kesho mtu huyo atakuwa mwenzake. Saa anayoitumia kumfundisha haipotei. Lakini kama aliyeko upande wa pili anachukua maneno yake, anayalisha kwenye mashine na kurudisha jibu lake, hakuna anayefundishwa, na saa ya msimamizi imeliwa bure.

Hilo nimelipitia. Nasaidia kuhakiki viraka katika mradi mmoja mdogo wa programu huria ya kumbukumbu za zahanati. Kiraka kimoja kilifika kikiwa kimenyooka, maelezo yake yamepangwa kwa Kiingereza safi, majaribio yamo. Kiliita kazi, yaani 'function', ambayo haipo katika toleo lolote la maktaba ya msimbo iliyotumiwa. Nilipouliza, nilipata msamaha mrefu wa heshima na kiraka kipya chenye kazi nyingine isiyokuwepo. Zamani mhakiki alikuwa na dalili za kumwongoza: nafasi zilizopangwa vibaya, majina ya ovyo, maelezo ya kusitasita. Hizo zilikuambia angalia hapa vizuri, mwandishi bado mchanga. Mashine imezifuta dalili hizo bila kuondoa makosa. Inaandika kosa kwa ufasaha wa bingwa. Na programu ile huhesabu dozi za watoto.

Daniel Stenberg wa Sweden ameyaona hayo kwa wingi kuliko wengi wetu. Ndiye mtunzaji wa curl, programu ya kuvuta data mtandaoni iliyomo katika mabilioni ya vifaa, kuanzia simu hadi magari. Tangu 2019 mradi wake ulikuwa ukitoa zawadi ya fedha kwa anayegundua pengo la usalama, na kufikia Julai 2025 ulikuwa umelipa zaidi ya dola 90,000 kwa mapengo 81 ya kweli. Januari 2024 alianza kulalamika hadharani kuhusu ripoti ndefu, nzuri machoni, zilizotungwa na mashine na zisizo na ukweli. Mei 2025 akaweka swali kwenye fomu: umetumia akili unde? Mwisho wa Januari 2026 aliifuta zawadi yote. Lakini mtu huyo huyo, Septemba 2025, alimshukuru waziwazi mtafiti aliyemletea orodha ndefu ya kasoro alizozipata kwa zana za akili unde, na akazirekebisha nyingi. Tofauti ni kwamba yule alisema alichokitumia, na alisoma matokeo kabla ya kuyatuma.

Katika kerneli jambo lenyewe liliibuka Juni 2025. Sasha Levin, msimamizi mwenza wa matoleo thabiti, aliueleza mkutano uliofanyika Denver kwamba kiraka kimoja kilichoingia toleo la 6.15 kwa jina lake kiliandikwa chote na modeli ya lugha, pamoja na maelezo yake. Alikuwa amekihakiki na kukijaribu. Wengine hawakuambiwa. Steven Rostedt, msimamizi wa sehemu iliyokipokea, alisema kwamba angejua, angekikagua kwa jicho jingine. Kulikuwa na alama ndogo, __read_mostly, inayoieleza kompyuta data inayosomwa mara kwa mara iwekwe wapi. Katika kiraka kile ilikuwa imeondoka bila kutajwa. Kompyuta haikuanguka. Ni upotevu mdogo wa kasi ambao hakuna mtu aliyekusudia. Ninaliona tukio hili kuwa muhimu kuliko ripoti zote za ovyo za curl, kwa sababu Levin ni mjuzi, ni mwaminifu, na alifanya kila jambo ila kusema. Hata kwa mtu wa daraja lake, aliyepokea alinyimwa habari aliyoihitaji ili ajue atazame wapi.

Levin mwenyewe ndiye aliyechukua kalamu mwezi uliofuata kupendekeza kanuni, na mjadala ulikuwa mkali. Kilichobaki katika mwongozo wa kerneli ni kifupi. Zana ya akili unde isiweke Signed-off-by kamwe, kwani mtu peke yake ndiye anayeweza kuthibitisha cheti kile cha 2004. Zana itajwe katika mstari wake, Assisted-by, pamoja na toleo la modeli. Mradi wa Fedora ulikuwa umepitisha sera inayofanana Oktoba 2025: useme, na kazi ni yako, lawama ni zako.

Sera ya Fedora ina kipengele ambacho wanafunzi wangu hukipita haraka, nami huwarudisha. Kutumia zana kusahihisha sarufi na tahajia, au kulifafanua jambo kwa lugha iliyo wazi zaidi, hakuhitaji kutangazwa. Kwetu sisi ambao Kiingereza ni lugha ya tatu, hilo ni jambo kubwa. Nawafahamu vijana hodari walioacha kutuma viraka kwa kukionea haya Kiingereza chao. Mlango huo umefunguliwa. Kinachoulizwa ni msimbo.

Najua hofu yao nyingine, nayo siidharau. Kijana wa Mwanza au Kampala asiyejulikana na mtu, akiandika kwamba amesaidiwa na mashine, anaogopa kiraka chake kitatupwa bila kusomwa. Wapo wasimamizi watakaofanya hivyo. Lakini jina katika kazi hii hujengwa kwa miaka na huvunjwa kwa siku moja, na wenye majina makubwa wana akiba ya kuaminiwa ambayo sisi hatuna. Levin alikosolewa akaendelea na kazi. Mgeni akigundulika ameficha, hapati nafasi ya pili ya kujieleza.

Kwa hiyo, wewe unayeandaa kiraka chako cha kwanza, soma mradi unataka nini kabla hujaandika herufi moja. Kama umekataza, heshimu au nenda kwingine. Kama umeruhusu, andika Assisted-by na jina la zana. Eleza imefanya nini na wewe umefanya nini. Endesha msimbo kwenye mashine yako. Ukifika mstari usioweza kumweleza mwenzako kwa maneno yako, usiutume, uliza kwanza, na wapo watu watakaokujibu. Saini iwe ya mwisho kabisa, ukishasoma kila mstari.

Na sisi tunaohakiki tuna deni letu. Anayesema ukweli asomewe kazi yake kama ya mtu mwingine yeyote. Tukimwadhibu aliyesema na kumpitisha aliyenyamaza, tutakuwa tumeivunja wenyewe kazi iliyoanza Mei 2004.